Jani, Chuma na Saratani

Kila nipitapo njia ya Shinyanga kwenda Geita na kuona mashimo ya wachimbaji wadogo yaliyotuama maji, huwaza malaria, na historia ya jani moja.

Mwaka 1972, nchini China, Tu Youyou na wenzake walitenga artemisinini kutoka mmea wa Artemisia annua. Mwaka 2006 Tanzania iliichagua dawa mseto yenye kiini hicho. Ikikutana na chuma ndani ya kimelea, huzalisha molekuli haribifu zinazokiua. Seli za saratani nazo hujilimbikizia chuma. Mwaka 1995 Henry Lai na Narendra Singh wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliziongezea chuma seli za saratani ya damu, wakazipa dawa ya jamii hiyo: zilikufa kwa wingi kuliko seli nzima.

Hayo, hata hivyo, yalikuwa ya maabara. Artemisinini haijaidhinishwa kutibu saratani. Mgonjwa wa Geita anayechemsha majani huku akiahirisha safari ya Bugando anapoteza muda usiorudi. Tusimlaumu yeye kwanza: nauli na umbali humsukuma. Serikali igharimie utafiti, na uchunguzi wa saratani uwafuate watu machimboni.