Picha Ziko Ulaya, Majina Yako Mwika

Mpandaji wa Kilimanjaro akishaupita msitu na vichaka vya nyanda za juu huingia jangwani. Kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, juu ya mita 4,000, mvua ni haba, usiku maji huganda na mchana jua huchoma, na mimea inayostahimili hali hiyo ni michache. Ukavu wa jangwa hilo na baridi iliyo juu yake vimetunza mengi. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch wa Misheni ya Leipzig alikuta chui aliyekauka na kuganda kwenye ukingo wa kilele cha Kibo, akamkata sikio liwe kumbukumbu ya safari. Mzoga ule haupo tena. Wanaotaka kuuona leo hutazama picha. Ndivyo ilivyokwenda kwa sehemu kubwa ya historia ya mlima huu: kitu kilichukuliwa na picha ikapigwa, kisha vyote viwili vikaishia mbali na watu wanaoweza kuvieleza. Madai ya kuvirudisha ni ya haki, lakini peke yake hayatoshi. Kitu kisicho na jina la mwenyewe ni nusu ya urithi, na nusu ya pili iko vihambani, kwenye mashamba ya ukoo, kuanzia Machame hadi Mwika na Rombo.

Tuanze na jiwe. Tarehe 6 Oktoba 1889, wapandaji wa Ulaya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Meyer akashuka na kipande cha jiwe la volkano. Alilipasua vipande viwili. Kimoja alimpa Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, kikawekwa katika kasri la Neues Palais huko Potsdam, ndani ya ukumbi ambao kuta zake zimepambwa kwa kombe za baharini na madini ya kila rangi. Kipande hicho kilipotea. Cha pili kilibaki kwa familia ya Meyer, kikauzwa, kikafika kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale nchini Austria. Kilele chenyewe kiliitwa kwa jina la Kaisari hadi Tanganyika ilipojitawala na kukiita Uhuru. Jina lilibadilika, jiwe halijarudi.

Jiwe lile lina ukimya wake pia. Kitabu cha Meyer kinamtaja Muini Amani wa Pangani, aliyebaki naye kambini juu, lakini Wachaga waliomwonyesha njia hawana nafasi kubwa humo. Ilipotimia miaka 100 ya safari ile, mwaka 1989, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa hadharani kuwa ndiye aliyeongoza msafara. Alifariki mwaka 1996, ikisemwa kuwa amevuka miaka 120. Wapo wanahistoria wenye shaka juu ya umri huo na juu ya nafasi yake katika safari ya 1889, na shaka yao haiwezi kupuuzwa. Lakini chanzo chake ni kwamba kwa miongo mingi karibu hakuna aliyeona umuhimu wa kuandika simulizi za Marangu kuhusu safari ile wakati mashahidi wake walikuwa wengi na wangeweza kusahihishana.

Ushahidi mzito zaidi ni wa Moshi ya Kale. Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, pamoja na wenzake 18. Mabaki ya watu wengi wa Afrika Mashariki yalisafirishwa Berlin, yakapewa namba na kuwekwa kwenye rafu kwa ajili ya wanasayansi waliopima mafuvu. Mwaka 2023, baada ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, wasimamizi wa makumbusho ya Berlin walitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeyahusisha machache na familia zilizo hai za Kilimanjaro, mojawapo likiwa la akida aliyekuwa mshauri wa Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe bado kinatafutwa. Mashine za maabara zisingeweza kusema lolote kama familia zisingekuwa zimeshika kumbukumbu za ukoo: nani alinyongwa siku ile, alikuwa mtoto wa nani, na wajukuu wake wako wapi. Ujerumani ilikuwa na namba, Moshi ilikuwa na majina, na namba zilipata maana zilipokutana na majina.

Hali ya picha ni hiyo hiyo. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893 na Mamba, jirani na Mwika, mwaka 1894. Katika miongo iliyofuata walipiga picha za mamangi, nyumba za msonge, wanafunzi, migomba na mifongo inayoleta maji kutoka korongoni. Sehemu ya picha hizo sasa inaonekana kwenye intaneti kupitia hifadhi ya Chuo Kikuu cha Southern California. Maelezo yake mara nyingi humtaja mmisionari kwa jina, huku waliosimama pembeni wakiitwa tu wanawake wa Kichaga au mzee wa kijiji.

Wapo watakaosema picha hizo ni macho ya mgeni: watu walipangwa wasimame vile, na nia ilikuwa kuwaonyesha wafadhili wa Ulaya matunda ya misheni. Ni kweli, lakini kamera hunasa hata asichokikusudia mpigaji. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler walitumia picha kuchora ramani ya barafu ya Kibo. Hawakuwa wakichunguza mabadiliko ya tabianchi, lakini kwa kulinganisha na ramani yao tunajua kwamba hadi mwaka 2007 asilimia 85 hivi ya barafu ile ilikuwa imekwisha. Vivyo hivyo, picha iliyopigwa kusifu kanisa jipya inaweza kuonyesha mfongo ulipopita, mpaka wa kihamba ulipokuwa, au mimea ya masale ilipandwa kwenye kaburi la nani. Mgeni hawezi kuyasoma hayo. Mzee wa Mwika anaweza.

Pingamizi la pili ni kwamba kumbukumbu ya mzee hupotoka. Hupotoka kweli, kama yanavyopotoka madaftari ya makumbusho. Dawa ni kuandika nani alisema nini, lini, na alisikia kwa nani, kisha kuweka simulizi mbili au tatu kando ya picha moja. La tatu, na ndilo linalosikika zaidi, ni la usalama: Ulaya ina majengo imara na fedha. Lakini jumba la Grassi la Leipzig, lenye makusanyo kutoka Afrika, liliungua kwa mabomu Desemba 1943, na jiwe la Kaisari lilipotelea ndani ya kasri. Ni kweli kwamba vitu vingine vinahitaji mitambo. Magogo sita ya barafu yaliyochimbwa Kibo mwaka 2000 yalipelekwa Ohio, Marekani, kuhifadhiwa kwenye baridi kali, na kuyaleta Moshi kabla ya kuwa na ghala la namna hiyo ni kuyayeyusha. Nakala ya picha haihitaji ghala la baridi.

Kwa hiyo kazi isisubiri makontena kutoka Berlin wala jengo jipya langoni Marangu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hupokea wageni wa dunia nzima, na inaweza kuwaonyesha picha hizi zikiwa na majina ya watu wake. Sharika za Kilutheri zina vitabu vya ubatizo, na Mwika ina chuo cha Biblia na shule zenye vijana wanaojua kutumia simu kurekodi. Nakala zichapishwe kubwa, zipelekwe kwenye mikutano ya koo mwezi Desemba, wakati watoto wa Mwika waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanaporudi nyumbani, na kila jina litakalotajwa liandikwe pamoja na aliyelitaja. Siku vitu vyenyewe vitakaporudishwa, tuwe na daftari la kuvipokelea. Wenye kujua majina hayo wanazidi kupungua, na hakuna makumbusho ya Ulaya yatakayoweza kuturudishia wanayokufa nayo.