Ngome Kongwe ya Bagamoyo: nyumba iliyogeuka jela

Hapa chuo mtu akiona ukuta wa mawe pwani, utasikia "wa Mreno huo". Jamani, si kila ukuta! Ngome Kongwe ya Bagamoyo ilianza kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, Abdallah Marhabi, mnamo 1860. Sultani Barghash akaiimarisha, Mjerumani akaweka askari, Mwingereza akaifanya jela.

Ukimtaka Mreno nenda Mombasa, Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593. Na Mhispania yumo pia, maana enzi hizo Ureno ilikuwa chini ya mfalme Philip wa Hispania. Wenyeji wakaiita Gereza, kutoka neno la Kireno igreja, yaani kanisa, kwa kuwa ndani mlikuwa na kanisa. Halafu Mwingereza akafungia watu mle kuanzia 1895 hadi 1958. Kanisa, jela, neno lilelile!

Tuje Bagamoyo. Wageni husimuliwa kuwa watumwa walifungiwa ngomeni wakisubiri majahazi ya Unguja. Biashara hiyo ilipita Bagamoyo, sibishi. Ila piga hesabu: Barghash alikubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini 1873, nyumba ikiwa na miaka kama 13 tu. Magendo yaliendelea, sawa. Lakini wafungwa wa Mwingereza nao walilala mle, na hao huwasikii wakitajwa sana.

Mwenye babu Bagamoyo amuulize: walifungwa akina nani mle, na kwa kosa gani? Kodi ya kichwa?