Kutoka Hongo hadi Kodi

Serikali yoyote, iwe ya mtemi au ya wananchi, huendeshwa kwa jasho la watu. Kwa hiyo historia ya kodi ni historia ya uhusiano baina ya watawala na watawaliwa, na hatuna budi kuichunguza.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi yenye uhaba wa maji. Watemi wa huko waliitoza hongo, yaani vitambaa, shanga na nyaya. Hongo haikuwa aibu. Ulikuwa ushuru uliojulikana na wote, na aliyeulipa alipata njia, maji na ruhusa ya kununua chakula. Leo neno hilo hilo lina maana ya rushwa. Lugha yetu imehifadhi humo fundisho kubwa: malipo yakitengwa na manufaa ya wote, hata jina lake huchafuka.

Wajerumani walileta kodi ya namna nyingine. Mwaka 1897, wakati wa Gavana Eduard von Liebert, walitangaza kodi ya nyumba, nayo ikaanza kutozwa mwaka 1898. Nyumba ya kijijini ililipiwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni baadhi ya watu walilipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyopita fedha ndiyo iliyodaiwa. Shabaha zilikuwa mbili: kugharimia utawala, na kumlazimisha mwananchi atafute rupia kwa kulima mazao ya biashara au kwenda kuwa kibarua mashambani mwa walowezi. Mkulima mwenye ghala lililojaa mtama aligeuzwa mdaiwa nyumbani kwake. Mwezi Julai 1905, watu wa Umatumbi walipong'oa pamba na kuanzisha Vita vya Maji Maji, kodi ilikuwa miongoni mwa dhuluma walizozikataa, pamoja na kilimo cha lazima na ukatili wa maakida.

Waingereza nao waliendeleza mtindo huo. Sheria yao ya mwaka 1922 ilimtoza mwenye nyumba, na mwanamume asiye na nyumba akatozwa kodi ya kichwa.

Katika Tanzania huru, kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikidaiwa kwa kila mtu mzima, ilifutwa mwaka 2003. Lakini tangu mwaka 1998 ipo Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo hufichika ndani ya bei. Hata mwanafunzi anunuapo kalamu aweza kuwa mlipa kodi bila kujua.

Basi tusidhani kwamba mambo ya kodi ni ya wakubwa peke yao. Tudai stakabadhi, ili fedha yetu ifike hazina. Kisha tuulize imetumikaje, ili kodi yetu isije ikapatwa na yale yaliyolipata neno hongo.