Nanoklasta za dhahabu

Nanoklasta ya dhahabu ni kikundi cha atomu chache za dhahabu chenye upana usiozidi nanomita 2 hivi. Katika udogo huo dhahabu huacha tabia ya metali: elektroni zake hukaa kwenye ngazi za nishati zilizoachana, kama katika molekuli, na kikundi kikimulikwa kwa urujuanimno huweza kutoa mwanga wake chenyewe, mara nyingi mwekundu.

Kikiachwa uchi, huungana na vingine na kuwa chembe kubwa zisizong'aa. Kinga yake ni ligandi, yaani molekuli za kikaboni zinazoufunika uso wake, hasa thioli, ambazo salfa yake hushika dhahabu kwa nguvu. Mfano maarufu kuliko yote ni Au25(SR)18, yaani atomu 25 za dhahabu (Au) na ligandi 18 za thioli (SR), uliobainishwa muundo wake mwaka 2008: atomu 13 hufanya kiini chenye nyuso 20, na 12 zilizobaki, zikifungamana na salfa, hukizunguka kwa pingu sita. Ganda hilo lina kazi nyingine pia: likikazwa lisitikisike, nishati kidogo hupotea kama joto na mng'ao huongezeka.

Mwaka 2009 watafiti nchini Singapore walitengeneza klasta nyekundu ndani ya albumini ya damu ya ng'ombe, kwa nyuzijoto 37 tu. Mng'ao wake hufifia zebaki ikiingia, hivyo hutumika kuitambua majini.