Hesabu za chuo ukiwa bado sekondari: Kozi ipi itahesabiwa Texas?

Kila mwaka wanafunzi wa sekondari katika jimbo la Texas, Marekani, huchagua masomo ya mwaka unaofuata. Kati ya fomu wanazoleta nyumbani kuna moja ambayo wazazi waliosoma Kenya, Tanzania au Congo hawajawahi kukutana nayo: mtoto wa miaka 16 asome hesabu za chuo akiwa bado sekondari, na alama yake iingie kwenye rekodi mbili kwa mpigo, ya sekondari na ya chuo.

Texas wanauita mpango huo "dual credit". Kwa mtu aliyezoea kila kitu kuamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho, iwe KCSE, Kidato cha Sita au Examen d'État, huu ni mfumo mgeni kabisa. Hapa hakuna mtihani wa taifa utakaokuja kufunika alama za nyuma. Alama ya muhula ndiyo hiyo hiyo, na inabaki.

Faida yake iko wazi. Kozi ya krediti 3 ikimalizwa sekondari, ni kozi moja isiyolipiwa tena chuoni. Shida ni kwamba kozi za hesabu ziko kadhaa, na ukichagua isiyokufaa, krediti inafika chuoni lakini haina kazi.

Kukubaliwa si kuhesabiwa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mzazi akiuliza, "Krediti hizi zitahamishika?", mara nyingi jibu ni ndiyo, na si uongo. Vyuo vyote vya umma Texas vina masomo ya msingi ya pamoja yenye jumla ya krediti 42, yakiwemo ya hesabu. Kozi iliyokubalika kama ya msingi katika chuo kimoja cha umma inapaswa kupokelewa hivyo hivyo katika kingine.

Lakini swali lenye pesa ni jingine: je, itahesabiwa kwenye shahada anayoitaka?

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Fort Worth anayetaka uhandisi. Anasoma MATH 1332, kozi nyepesi kiasi yenye mada kama mantiki, uwezekano na hesabu za fedha. Anapata A. Chuo kikuu kinaipokea. Ila hesabu za shahada ya uhandisi huanzia kwenye kalkulasi, na kalkulasi hiyo hiyo ingeziba nafasi ya hesabu kwenye masomo ya msingi. Kwa hiyo zile krediti 3 zinakaa kwenye transkripti kama pambo, na kijana anaanza upya.

Si tatizo dogo. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Takwimu hiyo inahusu wanaohama chuo kwenda chuo, sio wa sekondari peke yao, lakini mtego ni ule ule.

Soma namba, jina halitoshi

Texas ina mfumo wa namba za pamoja za kozi, na ukiujua unakusaidia sana. Chukua MATH 1314, aljebra ya chuo. Tarakimu ya kwanza, 1, inaonyesha ni kozi ya ngazi ya mwaka wa kwanza. Ya pili, 3, ni idadi ya krediti. Mbili za mwisho ni utambulisho wa kozi yenyewe. Kwa hiyo MATH 2413, kalkulasi ya kwanza, ni ya ngazi ya mwaka wa pili na ina krediti 4.

Jina kwenye ratiba ya shule linaweza kudanganya. Somo la sekondari la maandalizi ya kalkulasi linaweza kuwa na krediti za chuo au lisiwe nazo kabisa. Kama hakuna namba ya chuo, uliza. Vyuo vingine, kama Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, vinatumia namba zao wenyewe, lakini kina ukurasa mtandaoni unaoonyesha kozi ya koleji fulani inalingana na ipi kwao. Dakika tano kwenye simu zinatosha.

Anataka kusomea nini?

Uhandisi, fizikia, kompyuta: njia inaelekea MATH 2413. Asiyekuwa tayari kwa kalkulasi anaweza kuanza na aljebra, MATH 1314, kisha trigonometria, MATH 1316, au maandalizi ya kalkulasi, MATH 2412. Krediti za kozi hizo huenda zisiingie kwenye shahada yenyewe, lakini zinamjengea msingi. Hiyo ni sababu halali ya kuzisoma, mradi familia ielewe tangu mwanzo kwamba inanunua maandalizi.

Biashara ina njia yake: MATH 1324, halafu MATH 1325, ambayo ni kalkulasi ya biashara. Uuguzi, kozi inayopendwa sana na familia za Afrika Mashariki, mara nyingi hudai takwimu, MATH 1342. Binti anayelenga uuguzi akatumia mwaka mzima kwenye aljebra kwa sababu tu ndiyo marafiki zake walichagua, anaweza kulazimika kurudi kusoma takwimu.

Ualimu wa shule ya msingi una jozi yake, MATH 1350 na 1351, na kabla ya kuzianza unatakiwa uwe na aljebra ya chuo.

Asiyejua bado anataka nini? Aljebra, MATH 1314, ndiyo inayofungua milango mingi. MATH 1332 inawafaa wanaoelekea sanaa, lugha au historia, na kwao ni chaguo zuri kabisa. Kosa ni kumpa kila mtu kwa kuwa ni rahisi kufaulu.

Kuingia na kulipa

Kabla ya kuruhusiwa, mwanafunzi huonyesha kuwa yuko tayari kwa hesabu za chuo, mara nyingi kwa mtihani wa TSIA2. Alama ya kuvuka kwenye hesabu ni 950. Aliye chini ya hapo bado anaweza kuvuka kwa kupata ngazi ya 6 kwenye sehemu ya pili ya mtihani.

Kuhusu ada, kuna habari ambayo familia nyingi haziambiwi mapema. Sheria ya Texas ya mwaka 2023 ilianzisha mpango wa FAST, unaowaruhusu wanafunzi wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu shuleni kusoma kozi hizi bila ada katika vyuo vinavyoshiriki. Hata mwaka mmoja wa kustahili kati ya minne iliyopita unahesabika. Fomu ya chakula isiyojazwa inaweza kugharimu zaidi ya chakula.

Ukitoka nje ya Texas

Ulinzi wa masomo ya msingi unaishia kwenye vyuo vya umma vya Texas. Vyuo binafsi na vya majimbo mengine vina kanuni zao. Baadhi, hasa vyenye ushindani mkali, hukataa kozi yoyote iliyotumika pia kumalizia sekondari. Florida ina mfumo wake wa namba za pamoja, na California ina tovuti ya ASSIST inayoonyesha kozi ipi ya koleji inapokelewa wapi.

Alama haifutiki

Vyuo vingi hutaka angalau C ili kupokea kozi, na programu zenye ushindani hutaka zaidi. F ya darasa la 11 inaingia kwenye transkripti ya chuo, na inaweza kuathiri tathmini ya maendeleo inayoamua msaada wa kifedha baadaye. Kama mambo ni magumu, kuna tarehe ya mwisho ya kujiondoa, na inayofuatwa ni ya koleji, sio ya sekondari. Mpango wa OnRamps wa Chuo Kikuu cha Texas una nafuu ya pekee: mwanafunzi anaona alama yake ya chuo kwanza, kisha anaamua kuipokea au kuiacha.

Jingine la kushangaza wazazi: koleji inaweza kukataa kuzungumza nawe kuhusu alama za mwanao, hata kama ana miaka 16. Kwa sheria ya faragha ya Marekani, FERPA, haki juu ya rekodi za chuo ni za mwanafunzi mwenyewe. Kuna fomu ya ridhaa ya kusaini, na ni vizuri isainiwe mwanzoni mwa muhula.

Na krediti hazijipeleki zenyewe. Akimaliza sekondari, mwanafunzi anatakiwa kuomba transkripti kutoka kwa koleji iliyotoa kozi, mbali na ile ya sekondari, itumwe moja kwa moja kwenye chuo anachokwenda. Afanye hivyo kabla ya siku ya kupangiwa masomo, la sivyo anaweza kuandikishwa tena kwenye hesabu alizokwisha kufaulu.