Usahihishaji wa kumbukumbu za nishani za askari

Usahihishaji wa kumbukumbu za nishani ni kazi ya kurekebisha kumbukumbu za utumishi za askari mstaafu au marehemu ili zionyeshe nishani alizozistahili lakini hazikuandikwa, au ziliandikwa kwa jina, namba au kikosi kisicho chake. Makala hii inahusu hasa Tanzania, na kwa namna ya pekee watu wa nyanda za juu za kati (Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida), ambako vijana wa vizazi vitatu tofauti walichukuliwa au kujiunga na majeshi ya serikali tofauti: ya Wajerumani, ya Waingereza na ya Tanzania huru.

Nishani na kumbukumbu yake ni vitu viwili. Nishani ni kipande cha madini chenye utepe; kinaweza kupotea, kuuzwa au kuchezewa na watoto. Kumbukumbu ni maandishi yanayosema kwamba mtu fulani, mwenye namba fulani, alikuwa mahali fulani kwa siku kadhaa. Chuma kikipotea lakini maandishi yapo, haki ya askari bado ipo. Maandishi yakikosekana, hata chuma kilichomo sandukuni hakithibitishi mengi.

Aina za nishani na uzito wa ushahidi

Kwa mwenye kutaka kusahihisha kumbukumbu, jambo la kwanza ni kujua anadai nishani ya aina gani. Nishani za kampeni hutolewa kwa kila askari aliyetimiza masharti ya mahali na muda. Nishani za ushujaa hutolewa kwa tendo moja lililoshuhudiwa na kupendekezwa na mkuu wa kikosi.

Za kampeni ni kama hesabu. Nishani ya Vita ya Uingereza ya 1939–45, kwa mfano, ilidai utumishi wa siku 28 tu kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 2 Septemba 1945. Nyota ya Burma ilihusu waliokuwa katika uwanja wa vita wa Burma kuanzia tarehe 11 Desemba 1941. Nyota ya Afrika iliwahusu pia waliopigana Uhabeshi na Somalia hadi Novemba 1941. Mwombaji akithibitisha kwamba babu yake alikuwa katika kikosi fulani kwa tarehe fulani, jibu linajitokeza lenyewe.

Za ushujaa ni ngumu zaidi, kwa sababu mashahidi hufa na mapendekezo hayaandikwi upya baada ya miaka 60. Hata palipokuwa na mashahidi, mambo yalichelewa. Sajenti Nigel Leakey wa batalioni ya kwanza ya 6 KAR, yaani kikosi cha Tanganyika, aliuawa Colito nchini Uhabeshi tarehe 19 Mei 1941 baada ya kushambulia vifaru vya Waitalia kwa miguu. Msalaba wake wa Viktoria ulitangazwa katika London Gazette tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Leakey alikuwa Mzungu, mwenye ukoo uliojulikana Kenya. Msomaji anaweza kukadiria mwenyewe nafasi ya askari wa kawaida kutoka Ugogo aliyefanya jambo la ujasiri mbele ya wenzake wasiojua kuandika.

Chanzo cha makosa

Kosa kubwa kuliko yote ni la majina. Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Jina la Kigogo lenye sauti ya "ch" liliweza kuandikwa kwa "c" kama wamisionari walivyofanya, au kwa "k". "L" iligeuka "r". Na kijana aliyejitaja kwa jina la nyumbani aliandikiwa la ubatizo au la Kiislamu alilopewa kambini. Jina la mji wenyewe ni ushahidi: Idodomya ya Wagogo imekuwa Dodoma katika ramani za Wazungu, na hivyo imebaki. Zaidi ya hayo, askari alitambulishwa kwa jina lake na la babake, wakati wajukuu leo hutumia jina la ukoo. Mtu mmoja huonekana kama wawili.

Pili ni kubadilika kwa majeshi. Kikosi cha 6 KAR kiliundwa upya mwaka 1917, na wengi wa askari wake walikuwa wamepigana kwanza upande wa Wajerumani kabla ya kutekwa. Mtu wa namna hiyo alikuwa na utumishi katika majeshi mawili yaliyokuwa yakipigana, na kila jeshi liliandika sehemu yake tu. Tarehe 9 Desemba 1961 kikosi hicho kikawa Tanganyika Rifles. Baada ya maasi yaliyoanza tarehe 20 Januari 1964, Tanganyika Rifles ilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Askari aliyeandikishwa mwaka 1958 na kustaafu miaka ya 1970 anaweza kuwa na utumishi chini ya majina matatu ya jeshi bila kuhama nchi. Majina ya kambi nayo yalibadilika: Colito ya Dar es Salaam, iliyopewa jina la vita vile vya Uhabeshi, sasa ni Lugalo, kwa heshima ya ushindi wa Wahehe mwaka 1891. Anayetafuta "Lugalo" katika karatasi za 1962 hataiona.

Tatu ni watu ambao hawakuandikwa kabisa. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yote mawili yalitegemea wapagazi. Dodoma ilitwaliwa na majeshi ya Jenerali van Deventer mwishoni mwa Julai 1916, na Ugogo ukawa njia ya majeshi: kwanza Wajerumani, kisha Waingereza walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliua watu wengi kati ya 1917 na 1920. Kwa wapagazi waliokufa njiani mara nyingi hakuna hata orodha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakitumikia dola ya Uingereza katika vita hivyo, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Kwa watu hawa neno "kusahihisha" ni dogo. Kinachotakiwa ni kuandika kwa mara ya kwanza.

Habari ya ufagio

Kisa kinachosimuliwa sana kuhusu uthibitisho bila karatasi ni cha askari wa Kijerumani. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliokuwa bado hai mishahara yao ya vita. Wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na cheti walichopewa mwaka 1918. Inasimuliwa kwamba afisa aliyeleta fedha alimpa kila mzee ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, na kwamba hakuna aliyeshindwa.

Hadithi ni tamu, ila isichukuliwe kuwa kanuni. Ofisi za leo hazipokei gwaride. Funzo lake la kweli ni kwamba ushahidi unaweza kutoka nje ya jalada la mtu binafsi.

Ushahidi mbadala

Mfano mkubwa wa hilo uko Marekani. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 ya askari huko St. Louis. Tangu hapo kumbukumbu nyingi hujengwa upya kwa karatasi za malipo, taarifa za kila siku za vikosi na vyeti vya hospitali. Nchi hiyo ina bodi maalumu za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, zilizotokana na sheria ya 1946, na Watanzania waliohamia huko na kutumikia jeshini huzitumia kama raia wengine. Maombi hutakiwa ndani ya miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, lakini bodi inaweza kusamehe kuchelewa. Hati ya zamani ya kuachishwa haifutwi. Hati ya marekebisho huambatanishwa nayo. Huo ni utaratibu mzuri, kwa kuwa kufuta maandishi ya zamani hata kwa nia njema huharibu ushahidi.

Kwa askari wa Tanganyika wa zamani, vitu vinavyosaidia zaidi ni cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, na namba ya utumishi. Namba ina thamani kuliko jina, maana karani hakuitafsiri. Nishani za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza zilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, hivyo familia iliyo nayo izungushe ukingo kwenye mwanga kabla ya kitu kingine chochote. Zile za Vita Kuu ya Pili zilitolewa na Uingereza bila jina. Nyota ya Burma iliyomo kabatini haisemi ni ya nani, na ndiyo maana kuinunua sokoni hakumfanyi mtu kuwa mrithi wa askari.

Shajara za vita za vikosi zipo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Hazitaji kila askari, lakini zinaonyesha kikosi kilikuwa wapi. Batalioni za Tanganyika za 26 na 36 KAR zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Anayethibitisha kwamba babu yake alikuwa 36 KAR wakati huo amekwisha kupiga hatua kubwa. Ikumbukwe pia kwamba katika Jeshi la Uingereza nishani za vita hivyo hazikutumwa zenyewe kwa walioachishwa. Mtu alipaswa kuziomba. Ni askari wangapi wa vijijini wangeliambiwa hivyo?

Vita vya Kagera

Kwa familia nyingi za leo suala lenye uzito si la Burma bali la Vita vya Kagera (1978–1979). Jeshi la Tanzania lilipanuka kutoka watu wasiofikia 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000 pamoja na askari wa polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Vita vilipokwisha mgambo walirudi kulima. Askari wa kudumu alikuwa na jalada katika masjala ya jeshi lililoendelea kujazwa hadi kustaafu, pamoja na Nishani ya Vita vya Kagera pale alipotunukiwa. Utumishi wa mgambo ulikuwa wa miezi, na mara nyingi kumbukumbu yake hutegemea orodha ya kikosi na wenzake walio hai, ambao sasa wana miaka 65 na kuendelea.

Mwenye kauli juu ya kumbukumbu za JWTZ ni jeshi lenyewe, chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Maombi yaandikwe, yakitaja namba ya jeshi, kikosi, tarehe za kuandikishwa na kuachishwa, jina la kamanda, na kosa lenyewe kwa sentensi moja. Jina likitofautiana na la kitambulisho cha taifa, hati ya kiapo iambatanishwe ikieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Askari akiwa amefariki, mwombaji aonyeshe uhusiano wake. Hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani huondoa ubishi wa ndugu. Maelezo ya wenzake wawili waliokuwa kikosi kimoja yana nguvu kuliko barua kumi za majirani, na yachukuliwe mapema. Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania (MUWAWATA) ni mahali pazuri pa kuwatafuta wenzake hao. Nakala zipelekwe, asili ibaki nyumbani.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, ina makao Dar es Salaam na kituo cha kumbukumbu Dodoma. Humo mtafiti anaweza kukuta karatasi za utawala wa wilaya za wakati wa ukoloni. Idara hutunza na kuonyesha nyaraka; haina mamlaka ya kumpa mtu nishani wala kubadili jalada la jeshi, na wengi hupoteza safari kwa kutojua hilo.

Manufaa ya kusahihisha

Nishani nyingi za kampeni za Uingereza hazina malipo. Hata hivyo uthibitisho wa utumishi una faida: Jumuiya ya Kifalme ya Wapiganaji wa Zamani wa Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1921, husaidia askari wa kabla ya uhuru na wajane wao walio katika ufukara, na haiwezi kumsaidia asiyethibitika. Heshima nayo ina muda wake. Koplo Albert Kunyuku wa Kongo, aliyepelekwa Burma na jeshi la Wabelgiji, alivikwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa mwezi Juni 2022 akiwa na umri wa miaka 100, akiwa wa mwisho kati ya wenzake.

Dodoma huwakumbuka waliokufa vitani katika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, kwenye mnara wa mashujaa wakati sherehe za kitaifa zinapofanyika mjini humo. Wizara ya Ulinzi nayo imehamia Dodoma pamoja na serikali, hivyo mjane wa Kongwa au Bahi mwenye karatasi zake hahitaji tena kulala njiani kwenda Dar es Salaam kuulizia jalada la mumewe.