Mafundi wa Uvira na Uhai wa Magari ya Kale

Msafiri anayepita Uvira, mji wa Kongo uliobanwa baina ya safu za Mitumba na maji ya Ziwa Tanganyika, akiyaona magari makuukuu yakipanda na kushuka bonde la Ruzizi, aghalabu hudhani kwamba magari hayo yangali yakienda kwa sababu wenyewe ni mafukara wasioweza kununua mengine. Ufukara upo, wala haufichiki. Lakini ufukara peke yake haufufui injini iliyokufa. Hapo pana elimu, tena elimu yenye jadi ndefu, na kila anayekusudia kulirejesha gari la kale la mashindano katika hali yake ya asili angefaidika lau angejifunza elimu hiyo kabla hajashika spana.

Asili yake ni ziwa lenyewe. Mwambao huu uko mbali na bahari zote mbili, na chombo kikubwa cha kigeni kilichofika hapa zamani kilifika vipande vipande: mashua ya mvumbuzi Stanley, Lady Alice, aliyolizungukia ziwa zima mwaka 1876, ilitoka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, na meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyoundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, ilifunguliwa, ikatiwa katika makasha 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa gari la moshi hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915.

Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuiacha Kigoma, wahandisi walewale walioiunga meli hiyo waliamriwa kuizamisha. Nao, kwa kuwa hawakukata tamaa ya kuiona tena, waliipaka mitambo yake grisi nene kabla ya kuitosa. Wabelgiji waliiopoa, ikazama mara ya pili mwaka 1920. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali yafaa, na mwezi wa Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chombo hicho kilichozama mara mbili ndicho kilichowarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwondoa Rais Mobutu. Wapo wazee wa Uvira walioshuka kutoka melini humo na watoto wao mikononi, na hao hawahitaji kuelezwa thamani ya grisi iliyopakwa kwa uangalifu.

Katika nchi kavu nako mambo yalikwenda kwa utaratibu kama huo. Wabelgiji walijenga reli ya Kivu, iliyojulikana kwa jina la CEFAKI, kutoka bandari ya Kalundu hadi Kamanyola, na hapo shehena zikapakiwa katika malori ili zipande mlima kuelekea Bukavu. Kwani Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, na Ziwa Kivu liko mita 1,460, na baina yao ni miteremko ya Ngomo, ambako rejeta huchemka wakati wa kupanda na breki huungua wakati wa kushuka. Reli ilifungwa mwaka 1958, mizigo yote ikahamia barabarani. Na kwa kuwa gari likiharibika katikati ya mlima hakuna wa kuitwa, ilimlazimu dereva mwenyewe, pamoja na msaidizi wake, awe fundi. Huko njiani ndiko walikosomea wengi wa mafundi wa kwanza wa upande huu.

Magari waliyoyasomea yalikuwa ya familia na ya biashara, lakini ndiyo yaliyokuwa magari ya mashindano ya Afrika Mashariki. Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ilitwaliwa mwaka 1954 na Vic Preston akiendesha Volkswagen ya mgongo wa kobe. Na Peugeot 404 iliitwaa mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7 tu, na mwaka 1968 yaliondoka 93 yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, ndani ya 404. Ushindi huo haukutokana na mbio peke yake, bali na umbile la gari: Volkswagen haina maji ya kuchemka, kwani injini yake hupozwa kwa upepo, na hutolewa kwa nyuma kwa kufungua bolti nne, ama 404, silinda zake ni mabomba yanayochomolewa na kutiwa mapya, ambayo mafundi wa Kongo huyaita shemizi, hata injini iliyochakaa ikaweza kufanywa mpya pasipo mashine ya kuchonga chuma. Gari la namna hiyo lilikuwa kana kwamba limebuniwa kwa ajili ya nchi isiyo na karakana kubwa.

Kisha ikaja mitihani. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza siasa ya kuyatwaa maduka na mashamba ya wageni na kuwapa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na biashara nyingi zilizokuwa zikiagiza vipuri ng'ambo zikaporomoka. Fedha ya nchi ikapoteza thamani, barabara zikaachwa, na mnamo Oktoba 1996 vita viliingia Uvira yenyewe. Katika miaka hiyo watu wa Kongo waliishi kwa kile walichokiita Kifungu cha 15, yaani jisaidie mwenyewe, na hakuna waliokitekeleza kifungu hicho kwa uaminifu kuliko mafundi wa magari.

Mtazame fundi wa namna hiyo akifanya kazi. Gasketi haipatikani, basi huchukua karatasi ngumu ya gasketi, akailaza juu ya uso wa chuma, akaigonga taratibu pembezoni kwa kichwa cha mviringo cha nyundo mpaka ncha ya chuma ikaikata yenyewe, tundu kwa tundu, na umbo likatoka sawasawa. Valvu hazizibi, basi huzipaka dawa ya kusagia, akashika kijiti chenye mpira wa kunyonya baina ya viganja viwili, akapekecha kama apekechaye moto, akiinua na kugeuza ili chuma kisilike upande mmoja, hata pete ya rangi ya kijivu ionekane imezunguka kiti cha valvu bila kukatika. Kisha humimina mafuta ya taa juu yake na kungoja; yakivuja hata tone, huanza upya. Kazi hii haina haraka, na asiyekuwa na subira haiwezi.

Lakini yafaa kupambanua baina ya kutengeneza na kurejesha. Atengenezaye muradi wake ni gari litembee kesho, na hapana lawama akitia injini ya Toyota ndani ya Peugeot, maana watoto wanangoja chakula. Arejeshaye ana amana ya namna nyingine: anataka gari liwe lile walilolikusudia waundaji wake, na amana hiyo ina sharti zake. Kila kipande kifunguliwe kwa mpango na kuwekwa kwa mpango, na bolti za mahali pamoja zikae pamoja. Kipuri cha zamani kisitupwe kabla kipya hakijathibitika, kwani mara nyingi ndicho kielelezo pekee kilichobaki. Kutu ikatwe mpaka chuma kizima, wala isifichwe kwa rangi. Na kisichofungwa leo kipakwe grisi na kufunikwa, ili kisubiri siku yake. Mwenye kushika haya manne atalifufua gari lake uani kwake, awe Uvira au Mombasa, na asiyeyashika atalibomoa hata akiwa na karakana ya kifalme.

Hasara ninayoihofia ni kwamba elimu hii imo vichwani na mikononi, wala haimo vitabuni. Fundi aliyejua kuipanga kabureta kwa kusikiliza pumzi yake kwa mpira uliotiwa sikioni akifa, hufa na jambo ambalo hakuna shule inayolifundisha. Kwa hiyo nawaomba wenye vyuo vya ufundi vya Uvira, Bukavu na Kigoma wawaalike wazee hawa mbele ya wanafunzi, na wawalipe kama walimu walivyo. Nawaomba vijana wanaojifunza katika magaraji wawe na daftari na kalamu karibu na spana zao. Na mwenye gari la kale lililolala chini ya mwembe namsihi asiliuze kwa bei ya chuma chakavu kabla hajamwita fundi mwenye mvi akalitazama.